Pipa Lililochelewa Kusimama

Karasha ikizimwa haisimami papo hapo. Yeyote aliyeishi Buseresere walau msimu mmoja anajua: umeme unakatwa, mkanda unalegea, lakini pipa linaendelea kuzunguka kwa uzito wake lenyewe, na zile gololi za chuma zinazosaga mawe ya dhahabu ndani yake zinagonga kwa kuchelewachelewa, kama mzee anayeshuka ngazi huku anatafuta fimbo, mpaka kimya. Salvina alikuwa ameusikia mlio huo miaka mingi hata akaufanya saa ya jikoni. Karasha ikizimwa anatia unga wa mwisho kwenye sufuria. Pipa likisimama, ugali umeiva.

Mchana ule ugali uliiva, ukapakuliwa, ukaanza kupoa, na pipa lilikuwa bado linazunguka.

Alitoka jikoni na mwiko mkononi. Davis, fundi wa karasha yake, alikuwa amekwenda kula gengeni. Swichi ilikuwa chini. Mkanda haukuwa umelegea tu, ulikuwa umevuliwa kabisa na kutundikwa kwenye msumari, maana Davis alitaka kuushona jioni. Na pipa, lisilovutwa na kitu chochote, lilikuwa linazunguka taratibu chini ya paa la bati, na ndani yake kilikuwa kinagonga kitu kimoja tu. Ko. Halafu ko. Hewa ilinuka udongo wa chini sana, ule mbichi wa shimo ambalo jua halijawahi kufika, na mdomoni Salvina alihisi ladha kama amelamba sarafu.

Alipokanyaga ndani ya banda, pipa lilisimama. Lilisimama kama mtu aliyekutwa anacheza peke yake.

"Davis?" aliita, ingawa alijua Davis hayupo.

Hapa Salvina aelezwe kidogo, la sivyo mtu atamwona mjinga, na hakuwa mjinga. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki tangu kuzaliwa, mwenye sauti nzuri ya kwaya na mkono mzuri wa mlenda, na katika ndoa yake yote kulikuwa na kazi moja tu ambayo hakuwahi kuifanya: kuamua. Hiyo ilikuwa kazi ya Marselino. Marselino alikuwa mtu mwema, siku ya msiba hata waliokuwa hawamsalimii walilia, lakini aliamua kila kitu, kuanzia mawe ya nani yasagwe kwanza mpaka upande gani wa kitanda una baridi. Alipokufa, Salvina alikwenda dukani kununua sabuni, akasimama mbele ya zile sabuni mpaka muuzaji akamletea kiti. Alikuwa amevuka hamsini na hakujua anapenda sabuni ipi. Alirudi nyumbani mikono mitupu, akajifungia, akalia. Majirani wakasema bado anamlilia mume. Alikuwa analilia sabuni, ingawa majirani nao hawakukosea sana.

Ndipo akaanza novena. Alipiga magoti kila jioni na ombi lake lilikuwa fupi: Bwana, nipatie wa kuniambia la kufanya.

Sasa kuna kile kiroba. Katika karasha zote za Buseresere kuna utaratibu mmoja ambao hata mlevi anaufuata: mawe hayasagwi mwenyewe asipokuwepo. Mwenye mawe husimama pale pale pembeni ya pipa, vumbi limjae mpaka kope, ashuhudie kiroba chake kikiingia na unga wake ukitoka. Ni kwa sababu ya kuaminiana, yaani kwa sababu hakuna anayemwamini mwenzake. Wachimbaji wa zamani wanayo sababu nyingine, ila ukiwauliza wanaanza kuzungumzia hali ya hewa. Kiroba kile cha mawe meusi kililetwa na kijana mmoja aliyesema anakwenda kuleta vingine. Hakurudi. Baadaye ikasikika kwamba duara lao, shimo walilokuwa wanachimba huko porini, lilititia, na waliokuwemo hawakutolewa. Kiroba kikakaa pembeni mwa banda, kila siku kinamtazama Salvina, na kila siku Salvina anajiuliza akifanyeje. Mwisho akachoka. Akamwambia Davis asage.

"Mama Loveness, mwenyewe hayupo," Davis alisema.

"Mwenyewe ni marehemu. Tumsubiri mpaka ufufuko?"

Davis alisaga. Ilikuwa ndiyo siku ya pipa kuchelewa kusimama.

Kesho yake mchana, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, Salvina alisimama jikoni akajisemea kama kawaida yake, "Leo nipike nini?"

"Usipike," pipa lilisema.

Mtu mwingine angekimbia mpaka Bwanga. Salvina alibaki ameshika kibiriti. Sauti ile haikutisha. Ilikuwa kama ya mtu mwenye unga mdomoni, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha msoma taarifa ya habari. Buseresere hakuna anayeongea hivyo. Wasukuma wanaongea Kiswahili cha Kisukuma, Wazinza cha Kizinza, na Salvina mwenyewe aliwahi kuchekwa kwenye semina ya wanakwaya. Akapiga hesabu ya haraka: mwenye Kiswahili kama kile ametoka juu. Na si alikuwa ameomba? Akaweka kibiriti chini, hakupika, akalala na njaa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alilala usingizi wa mtoto.

Ndivyo ilivyoanza, kwa vitu vidogo. Umeme ukikatika, au Davis akizima mashine ili mteja akinge unga wake, sauti inakuja. Usiende mwaloni kwa wavuvi leo, utateleza. Hakwenda, hakuteleza. Usipande gari la asubuhi, litaua. Hakupanda, na ni kweli hakufa. Usipite njia ya sokoni, kuna aliyekuwekea kitu. Alizunguka kwa nyuma, na hakuna kilichomdhuru. Kila jambo ambalo halikumpata aliliandika moyoni kama muujiza. Kwenye jumuiya alisimama kutoa ushuhuda: "Nimeepushwa." Watu wakapiga makofi. Akaepushwa hivi, akaepushwa vile, mpaka ikafika mahali ameokolewa na mambo mengi hivi kwamba hakubakiwa na pa kwenda.

Kisha ikaja zamu ya watu.

"Davis anakuibia."

Asubuhi alimwita Davis akamwambia kazi imekwisha.

Davis alifuta mikono yake kwenye suruali, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Umeniona naiba, mama?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

Salvina alitazama pembeni. Davis aliutundika mkanda kwenye msumari wake, vizuri, bila kuurusha, na hilo lilimuuma Salvina kuliko kama angetukana. Karasha haikuzunguka tena kwa ajili ya mteja yeyote.

"Jumuiya wanakusema," sauti ilisema. Akaacha kwenda. "Usile cha Mama Noela. Ametia sumu."

Mama Noela alikuwa jirani wa upande wa pili wa uzio wa matete, Msukuma wa mwili mkubwa na kicheko cha kusikika barabarani, ambaye tangu Marselino afariki hakuacha kutuma bakuli: leo viazi vikavu vya matobolwa, kesho maziwa mgando, keshokutwa michembe, vipande vya viazi vilivyoanikwa, ya kupikwa na karanga. Salvina alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazunguka nyuma ya lundo la marudio, yale mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, akamwaga. Bakuli akaliosha, akalirudisha. "Kilikuwa kitamu, Mama Noela." Yeye mwenyewe alikuwa anakula uji mwembamba, mara moja kwa siku. Pete ya ndoa ilianza kumtoka kidoleni, akaifunga kwa uzi.

Na mbali huko Tinde, binti yake wa pekee alikuwa anakaribia kujifungua.

Loveness alikuwa na mimba ya kwanza. Mume wake, Adam, ni dereva wa malori ya kwenda Burundi. Akiwepo nyumbani ni siku ya kufua nguo, kisha ameondoka. Mimba ya kwanza mama ndiye huja, hilo halihitaji kikao. Loveness alikuwa anapiga simu kila jioni. "Mama, unakuja lini? Miguu imevimba. Nyumba hii kubwa, mama, usiku naongea na friji."

"Nakuja mwanangu. Wiki hii hii."

Kesho yake mchana Salvina alitoa begi juu ya kabati. Umeme ulikatika kabla hajafungua zipu.

"Ukienda Tinde," pipa lilisema, "atakufa."

"Nani?"

"Wote wawili. Zima simu."

Akaizima.

Baada ya hapo hapakuwa na sauti nyingine katika nyumba ile. Mchana wa Buseresere ni wa kelele, kila upande karasha zinaunguruma, bodaboda zinapishana, redio zinashindana, lakini kelele zote hizo zilifika kwenye uzio wake zikaishia hapo, na yeye alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa banda, uso umeelekea kwenye pipa, akisubiri kuambiwa kama asimame au aendelee kukaa, kama anywe maji au asinywe, kama ahamie kivulini au aache jua limchome, na jua lilipomchoma hakujua kama anaungua mpaka alipoambiwa, na harufu ile ya udongo wa chini sasa haikuja na kuondoka bali ilikaa, kwenye nywele, kwenye godoro, kwenye maji ya mtungi, na ladha ya sarafu ilikuwa ndiyo ladha ya mate yake. Wakati mwingine aliona pipa limegeuka kidogo, bila mlio, kama kichwa cha mtu anayetaka kukuona vizuri.

Aliyemwokoa ni mtandao wa simu. Loveness, akiwa hampati mama yake, alimpigia Mama Noela akilia. Mama Noela, ambaye hajawahi kufanya jambo kwa nusu, alikwenda kumwita katekista Ezekiel, na kwa usalama zaidi akamwita na mganga Makoye, mmoja apitie mlango wa mbele na mwingine wa nyuma, wasionane. Walikutana uani.

"Mwalimu," Makoye alisema, bila kushtuka.

"Makoye. Mgongo unaendeleaje?" katekista aliuliza.

"Wangu mzima. Wa kwako je, ile dawa yangu ilikusaidia?"

Ezekiel alikohoa, akatazama bati.

Walimkuta Salvina kwenye kigoda. Mama Noela alipomwona shavu lilivyobonyea, mkono ulimpanda mdomoni. Wote walishikana mikono, shikamoo na marahaba zikapita, na Salvina akajibu akiwa ametega sikio upande wa banda. Kwa sauti ya chini, kama anayesema kanisani, aliwaeleza. Hakuficha. Alikuwa amechoka kuwa peke yake na siri ambayo hata haikuwa tamu tena.

Katekista Ezekiel alikuwa mtu mwembamba, mtaratibu. Alifikiri. "Ulidhani ni malaika."

"Niliomba, mwalimu. Ikaja."

"Sawa. Mimi nimefundisha katekisimu tangu nina nywele. Malaika wakimjia mtu kwenye Injili, neno lao la kwanza ni lipi?"

Salvina alijua. Kila mtoto wa komunio ya kwanza anajua. "Usiogope."

"Huyu wako amewahi kukuambia usiogope?"

Akapekua akilini, toka siku ya kibiriti mpaka leo. Utateleza. Litaua. Anakuibia. Ametia sumu. Atakufa. "Hapana," alinong'ona. "Hata mara moja."

Bandani, kitu kiligonga. Ko.

Makoye alisogea mbali na banda, akijifanya anafuata kivuli. "Tuangalie na upande wangu," alisema, akamgeukia Salvina. "Mayu, nipatie kuku."

Kwa Wasukuma kuku ndiye anayesema. Mwenye shida anamtemea mate mdomoni, kuku anachinjwa na kupasuliwa, na mjuzi anasoma ndani yake: mishipa, ini, weusi uliokaa wapi, wekundu uliokaa wapi. Mama Noela aliingia nyuma ya lundo la marudio akatoka na tetea mmoja aliyembeba kwa mikono miwili, anahema. Salvina alimtemea. Makoye akafanya kazi yake kwa kisu kidogo, haraka, bila maneno. Akapanua. Akainama. Akageuza upande. Akafuta jasho kwa kiwiko, akainama tena.

"Unaona nini?" Ezekiel aliuliza, shingo imerefuka kuliko inavyofaa kwa katekista.

"Sioni kitu."

"Yaani ni kibaya?"

"Yaani sioni. Ni mafuta matupu." Makoye alinyanyua uso, amekereka kama fundi aliyekuta kazi ya fundi mwingine. "Ini limefunikwa, mishipa imefunikwa. Tangu nimeanza sijapasua kuku mnene hivi. Mayu, kuku hawa unawalisha nini?"

Salvina aligeukia lundo la marudio. Kuku waliobaki walikuwa wanakuja mmoja mmoja kutoka nyuma yake wakijitikisa kama wanawake wanaotoka harusini.

"Nakuuliza."

"Chakula cha Mama Noela," Salvina alisema.

Mama Noela aligeuka. "Chakula changu kipi?"

"Chote. Niliambiwa kina sumu."

"Michembe yangu?"

"Nisamehe, Mama Noela."

"Na zile karanga nilizotwanga mwenyewe, na kiuno kinaniuma vile?" Sauti yake ilikuwa ndogo, haikufanana na mwili wake. "Na bakuli unarudisha unaniambia kilikuwa kitamu."

"Kuku walikipenda sana."

Hakusema kwa mzaha. Lakini Makoye alikohoa, na bega la katekista likaanza kutikisika, na Mama Noela mwenyewe, machozi yakiwa tayari yamefika kidevuni, alitoa kicheko kimoja kikubwa kilichomshtua hata yeye. Salvina hakucheka. Alikuwa anamtazama yule kuku aliyepasuliwa, mafuta ya njano yakimetameta kwenye jua, na kichwani mwake kulikuwa na kitu kinazunguka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana, kwa uzito wake chenyewe.

Sumu ile wamekula wao, wakanona. Mimi niliyeepushwa ndiye niliyekonda.

"Gari la asubuhi," alisema taratibu. "Lile la kwenda Geita. Liliwahi kuua?"

"Lile napanda mimi kila siku ya gulio," Mama Noela alisema. "Linaua kwa harufu ya dagaa tu."

"Na njia ya sokoni?"

"Ndiyo nimepita sasa hivi," Ezekiel alisema. "Na baiskeli."

Basi akaona jinsi alivyokuwa amefungwa, na kamba ilikuwa nyepesi kiasi cha aibu. Hakuna hata jambo moja ambalo sauti ile ililitabiri likatokea. Yeye ndiye aliyezuia kila kitu kisitokee, chema na kibaya, halafu akashukuru kwa kibaya. Hajawahi kwenda upande wa pili kutazama. Kuku walikwenda.

"Makoye," aliuliza, "unaweza kulitoa?"

Makoye alikuwa tayari anafunga kisu chake kwenye kitambaa. "Mayu, nikikudanganya utanipa kuku mwingine, na ni wanono. Lakini hili halikutumwa na mtu. Kinachotumwa nakirudisha. Hili lilikaribishwa."

Na hapo pipa likaanza.

Halikuanza kwa ko moja. Lilianza kama siku za kazi, kwa ngurumo kamili, mkanda ukiwa kwenye msumari na umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, na vumbi jeusi likatoka kwenye mdomo wake uliofungwa kwa nati likapanda mpaka chini ya bati likaenea kama moshi wa nyasi mbichi, na kuku wakaruka uzio wote kwa pamoja, wanono hivyo hivyo, na Mama Noela akamshika katekista na katekista akaishika rozari na Makoye akamshika Mama Noela, na ndani ya ngurumo ile Salvina, yeye peke yake, alisikia sauti ikimwita, na sasa haikuwa sauti ya msoma taarifa ya habari, ilikuwa ya mtu wa hapa hapa, yenye Kisukuma ndani yake, sauti iliyomwambia miaka yote ile upande gani wa kitanda una baridi.

"Salvina. Kaa."

Alisimama. Mama Noela alimvuta gauni, akamtoa mkono kwa upole. Aliingia bandani akaenda mpaka kwenye pipa, vumbi limemjaa kope kama mwenye mawe, na akaweka kiganja juu ya chuma. Chuma kilikuwa cha baridi, saa zile za jua, baridi ya chini ya ardhi.

"Ukienda atakufa," Marselino alisema.

"Umejuaje?"

Ngurumo iliyumba.

"Nauliza tu," Salvina alisema. "Davis ulimwona wapi akiiba? Sumu ya Mama Noela uliionja lini? Umejuaje?"

Pipa lilipunguza mwendo. Gololi zikaanza kugonga kwa kuchelewachelewa. Ko. Ko. Muda wote ule halikuwahi kuwa na jibu, kwa sababu halikuwahi kuulizwa. Na lilipokaribia kusimama, sauti ilitoka kwa mara nyingine, ndogo, si ya Marselino wala ya redio, ni ya kijana aliye mahali pa giza:

"Ukiondoka nitabaki na nani?"

Hayo yalikuwa maneno ya Salvina mwenyewe. Aliyasema makaburini, udongo wa kwanza ulipogonga sanduku, na hakuna aliyeyasikia zaidi ya aliyekuwa chini. Moyo ulimgeuka. Karibu akae. Kitu kile hakikuwa kimemchukia hata kidogo. Kilitaka mtu wa kukaa naye tu, na kilikuwa kimegundua kwamba mtu mwenye hofu hatoki nyumbani.

"Sijui," alijibu. Neno lilimtoka kwa shida, hakuwa amelizoea, na lilipotoka alihisi wepesi mabegani. "Sijui utabaki na nani. Sijui kama mwanangu yuko hai. Na wewe hujui. Nakwenda kuona."

Alichukua spana ya Davis, akafungua nati, akashusha mfuniko. Ndani mlikuwa na gololi na unga mweusi. Na kwenye ukuta wa pipa, kwa ndani, unga ulikuwa umefutwafutwa kwa vidole, pote, kama kioo cha gari ambacho mtu amekipangusa ili achungulie nje.

Asubuhi iliyofuata Mama Noela alimsindikiza barabarani na bakuli. Salvina alikula michembe yote palepale amesimama, mbele ya watu, akalamba karanga vidoleni. Gari lilipitia Bwanga, likashika njia ya Runzewe, Ushirombo ya ujana wake ikapita dirishani na minara ya kanisa, kisha Kahama. Simu aliiwasha. Ya Loveness haikupatikana. Alipiga tena, haikupatikana, na kila gari lilipounguruma kwenye mlima sikio lake lilitega lenyewe, na kila aliposikia hakuna neno ndani ya ngurumo alimshukuru Mungu, kisha akaogopa zaidi, maana kutosikia nako hakumwambii mtu kitu. Stendi ya Kahama dereva alizima injini. Ilichelewa kidogo kunyamaza. Magari ya zamani ndivyo yalivyo, alijiambia.

Loveness alikuwa hai.

Alikuwa amejifungua alfajiri kwenye kituo cha afya, msichana, na mchana wakamruhusu. Simu ilikuwa imeishiwa chaji tu. Salvina alimkuta kitandani, mtoto kifuani, uso umechoka na kung'aa, na mama mtu mzima akakaa sakafuni akalia mpaka mtoto naye akaunga mkono. Jua la jioni liliingia dirishani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mashine ya kusaga unga, milango imefungwa kwa kufuli, kwa kuwa ilikuwa Jumapili.

"Nani alikuwa na wewe uchungu ulipoanza?" Salvina aliuliza, akipasha maji, akitafuta beseni.

"Hakuna. Adam yuko Burundi. Nilisali tu, mama. Niliomba nipatiwe wa kuniambia la kufanya."

Salvina aliweka beseni chini. Alimimina maji, akayajaribu kwa kiwiko, akanyoosha mikono kumchukua mjukuu.

Loveness alimrudisha mtoto kifuani. "Usimwogeshe leo."

"Kwa nini?"

"Nimeambiwa."

Chumba kilinuka sabuni ya mtoto na uzazi. Na chini ya hivyo, kwa mbali, udongo.

"Na nani?" Salvina aliuliza.

Loveness alitazama dirishani, ng'ambo ya barabara, kwenye mlango wenye kufuli. "Huisikii?"

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu simu yako ilipoacha kupatikana."

Ng'ambo, nyuma ya mabati, kitu kiligonga. Ko. Salvina alipanda kitandani na viatu vyake vya safari, akakaa na kumsogelea binti yake mpaka bega likagusana na bega, mtoto yuko katikati, na maji ya beseni yanapoa.

"Sogea tukae pamoja," alisema. "Likisema tena, tuliulize wote. Limejuaje?"